Chupa Iliyotakata

Kinyangiri, Mkalama
30 Januari 2025

Mdogo wangu Witness,

Marahaba. Najua umeniamkia huko Morogoro hata kama sikusikia. Huku mvua inanyesha kwa hasira, mtama umesimama vizuri, na mama magoti yanamsumbua ila mdomo haujambo.

Ndani ya kiboksi cha barafu utakuta vichupa vya kundi la kwanza kama ulivyoagiza, kila kimoja kina namba ya ng'ombe. Konda wa basi la Singida aliniuliza, "Daktari, hii ni chanjo?" Nikamwambia ni mavi ya ng'ombe. Akadhani namtania, akakipakata mapajani kwa heshima zote. Nisamehe, sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Miaka yote hii nachoma ng'ombe sindano katika vijiji vitatu, watu wananiita daktari, na sasa mdogo wangu amenifanya mkusanya mavi.

Lea ndiye msaidizi wangu. Mkono mmoja ameziba pua, mwingine ameshika kichupa. Ameniuliza shangazi anafanya nini na mavi huko chuoni, nikamwambia anayasoma. Akasema kama kusoma ndiko huko, mwakani asipelekwe darasa la kwanza. Wifi yako Eliza alicheka mpaka akaacha kupepeta.

Niandikie kwa karatasi na uiweke humo humo kwenye kiboksi kinaporudi. Simu ya huku unaijua, unaongea na mtu nusu, nusu nyingine inabaki hewani. Halafu barua naweza kuirudia. Nieleze vizuri unatafuta nini, nisiwe nakusanya tu kama kipofu.

Kaka yako,
Hosea


Morogoro
8 Februari 2025

Shikamoo kaka,

Vichupa vimefika vyote na barafu haijayeyuka. Mshukuru yule konda.

Umeniuliza natafuta nini. Bakteria wa tumboni mwa ng'ombe unawajua. Usilolijua labda ni kwamba bakteria nao wana ugonjwa wao. Kuna virusi wanaowashambulia wao tu, si mimi wala wewe wala ng'ombe. Kirusi anatua juu ya bakteria, anatoboa ukuta wake na kusukuma DNA yake ndani. Ganda linabaki nje, halina kazi tena. Wengine wana pupa. Wanajizalisha humo ndani mara moja, bakteria anapasuka, wanatoka kutafuta mwingine. Mimi nawatafuta wenye subira.

Hawa DNA yao ikishaingia inajikunja kuwa duara. Mahali fulani kwenye duara pana kipande kifupi ambacho kinafanana kabisa na kipande kilichopo kwenye DNA ya bakteria. Vipande hivyo viwili vinalazwa ubavu kwa ubavu, kimeng'enya cha kirusi kinavikata vyote, kisha kinaunganisha ncha ya huyu na ncha ya yule. Duara linafunguka na kuwa sehemu ya DNA ya mwenyeji. Ukiisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho unakuta uzi mmoja, huoni palipoungwa mpaka ujue pa kutazama. Bakteria akijigawa anamnakili na kirusi, watoto wake wanazaliwa naye, na wajukuu pia, na hakuna anayeumwa.

Kaka, mimi jambo hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kukueleza. Nakaa mbele ya mashine nasahau kula.

Ng'ombe namba kumi na saba ni wa nani? Bakteria wake wana kirusi wa namna hiyo, amelala fofofo. Ningependa vichupa zaidi kutoka kwake.

Mwambie Lea darasa la kwanza atakwenda, mavi yanakuja baadaye sana.

Wako,
Witness


Kinyangiri
13 Februari 2025

Witness,

Namba kumi na saba umemchagua mwenyewe bila kujua. Ni yule ng'ombe mwekundu wa mzee Laurenti, aliyelazwa kwenye zizi letu tangu mwaka juzi. Unajua utaratibu wetu: mwenye ng'ombe wengi anawagawa kwa wenzake, mvua ikimkosa kwake isimmalize, na anayewachunga anakunywa maziwa. Basi tulipokuja kuvisha ng'ombe hereni za serikali masikioni, zoezi lilifanyika kwa zizi, si kwa mwenye mali. Ng'ombe wa Laurenti akapata hereni ya Hosea. Kwenye kumbukumbu ni wangu. Amezaa ndama, naye kavishwa hereni ya Hosea. Mgeni kutoka wilayani akiniuliza, hawezi kujua nani ni nani.

Niliposoma barua yako nikamwambia Eliza, huyu kirusi ni ng'ombe wa Laurenti. Kaingia zizini, kaandikwa, anazaliana, tunamlisha. Nimekosea? Eliza akaniambia nikuulize kitu kimoja: siku Laurenti akija kuwataka ng'ombe wake inakuwaje? Yeye ndiye mwenye akili nyumba hii, mimi nina mwili tu.

Ng'ombe mwenyewe hana tatizo. Ananawiri, ndiye anayetupa maziwa mengi kuliko wote. Lea anakunywa ya huyo tu, anasema ya wengine yananuka majani. Mama anamkamulia moja kwa moja kwenye kikombe, yakiwa bado na povu.

Vichupa vyake ni hivyo vyenye kifuniko cha bluu.

Hosea


Morogoro
24 Februari 2025

Shikamoo kaka,

Hujakosea hata kidogo, na mwambie wifi swali lake ndilo swali la utafiti wangu wote.

Kirusi analala muda wote ambao mwenyeji wake yuko salama. DNA ya bakteria ikianza kuharibika, kwa jua kali au kwa dawa, kuna kitu kilichokuwa kikimlaza kirusi kinavunjika. Hapo anaamka. Anajikata pale pale alipoungwa, anarudi kuwa duara, anajizalisha kwa mamia, anampasua mwenyeji na kutoka. Laurenti amekuja kuchukua ng'ombe wake na zizi amelivunja.

Juzi nimeliona kwa macho yangu. Nilikuza bakteria wa namba kumi na saba ndani ya supu yao ya maabara mpaka chupa ikawa na ukungu mzito kama maji ya kuoshea mchele. Nikadondoshea sipro kidogo, hii hii sipro ya vidonge vya kuua bakteria inayouzwa kila duka la dawa. Baada ya saa chache ukungu wote ulikuwa umekwisha. Bakteria wamepasuka wote. Chupa imetakata, nikiweka vidole upande wa pili naviona mpaka kucha. Nilimwita kila mtu aje aone. Dk. Antipasi anayenisimamia si mtu wa kusifu, lakini alinipa mkono.

Kuna jambo jingine kuhusu namba kumi na saba ambalo bado siruhusiwi kulisema mpaka lithibitishwe. Tutaongea siku nikija.

Chemsheni maziwa kaka. Ni vizuri tu kwa afya.

Wako,
Witness


Kinyangiri
6 Machi 2025

Witness,

Nimesoma habari za chupa yako mara tatu, na mara ya tatu niliwasomea jirani yetu Simeoni na wengine pale kwenye josho la ng'ombe. Nikawaambia dada yangu kaweka tone moja na wadudu wote wamekwisha, chupa nyeupe. Simeoni anasema kumbe hukwenda kupoteza muda. Amekusamehe ile ya kumkataa mpwa wake alipotaka kukuoa.

Habari ya kuchemsha maziwa nimemfikishia mama. Kasema maziwa yaliyochemshwa yananuka wodi, na kwamba alikulea wewe kwa maziwa ya moto kutoka kwenye chuchu ya ng'ombe na ndiyo hayo yaliyokufikisha chuo kikuu. Nikamwacha. Wewe mwenyewe umesema ni vizuri tu, hukusema ni lazima.

Leo nimefunga kiboksi peke yangu, ndiyo maana maandishi ya vifuniko yamepinda. Lea yuko ndani amelala, joto limemchosha. Usiwe na wasiwasi wowote, mambo yote nayamudu.

Hosea


Morogoro
2 Aprili 2025

Kaka Hosea, wifi Eliza, na mama,

Nimefika salama. Niliondoka siku ya tatu baada ya maziko kwa sababu ya mitihani, ndivyo nilivyowaambia, na mkaniaga kwa upole nisiostahili.

Sijui niandike nini. Kila nikifumba macho namwona mama akikalia kile kigoda karibu na jiko bila kusema kitu, yeye ambaye hajawahi kunyamaza. Lea wetu. Sikuwa nimemwona tangu Krismasi, na nilipofika alikuwa tayari amefunikwa.

Kaka, pale matangani ulinishika mkono ukaniambia mlivyoona damu kwenye choo chake hamkungoja, mlimpa ile dawa ya kwenye barua. Ukaniambia siku ya pili damu ilipungua mkashukuru, kisha uso ukavimba, akaacha kukojoa, na gari lilipofika Singida hospitali wakasema figo. Nilikusikia. Niliitika tu kwa kichwa. Watu walikuwa wengi.

Tusimamishe kazi ya vichupa. Msinitumie kitu.

Mungu awatie nguvu.

Witness


Kinyangiri
10 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Usijitese kwa kuondoka mapema, masomo ni masomo.

Nataka nikuambie jambo ambalo sikuweza kulisema mbele za watu. Ukifiwa na mtoto, watu wanakuja na maneno. Wapo wanaosema tulilogwa, wapo wanaosema tulizembea. Mimi nikilala najua kwamba sikuzembea. Nilikuwa na dada msomi aliyenionyesha dawa inayowamaliza wadudu wale wale, wa ng'ombe yule yule, na dawa hiyo niliinunua siku ile ile tulipoona damu na mtoto wangu akaipata. Mungu alikataa, basi. Lakini sisi tulifanya. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi na kunipeleka kwenye josho.

Ninachojilaumu ni kuchelewa. Tumbo lilimuuma tangu Jumanne, mimi nikadhani ni maembe mabichi. Dawa tulimpa Alhamisi, siku ile ile niliyokuandikia kwamba joto limemchosha. Sikutaka kukutisha, nikijua nina dawa.

Sasa mtoto wa Simeoni, yule Michael, ameanza hivyo hivyo jana. Damu. Nao huwa wanachukua maziwa kwetu. Safari hii sikungoja hata kidogo. Vidonge vya Lea vilibaki, nimewapelekea mwenyewe na nimesimama hapo mpaka akameza cha kwanza. Simeoni amelia kwa kunishukuru. Natuma barua hii kwa dereva wa basi bila kiboksi, ujue kwamba kazi yako inaokoa watu huku.

Hosea


Morogoro
12 Aprili 2025

Kaka,

Nimekupigia leo asubuhi dakika ile ile niliyomaliza kusoma. Nashukuru simu ilishika. Nilikuambia mambo matatu: Michael asimeze kidonge kingine, apelekwe Singida leo, na daktari aambiwe damu, maziwa mabichi na sipro. Uliniuliza kwa nini nikasema nitakuandikia. Ukasema sawa. Nilisikia kwenye hiyo sawa kwamba umeanza kuelewa. Sikuwa na ujasiri wa kuendelea ukiwa unanisikiliza.

Ile chupa iliyotakata haikuwa safi. Kirusi wa namba kumi na saba hakuingia kwa bakteria mikono mitupu. Ndani ya DNA yake amebeba maelekezo ya kutengeneza sumu, na alipojiunga na bakteria, maelekezo hayo yakawa ya bakteria. Bila kirusi, bakteria yule ni wa kawaida tu. Ng'ombe hasikii kitu, mwili wake hauipokei sumu hiyo. Mtoto anaipokea, kwenye utumbo na kwenye figo. Kirusi akiwa amelala, sumu inayotengenezwa ni kidogo. Akiamshwa inatengenezwa kwa wingi pamoja naye, na bakteria akipasuka inamwagika yote. Kinachomwamsha ni dawa kama ile. Maji niliyowaita watu waje kuyaona yalikuwa yamejaa sumu, kaka, na mimi nilijua. Nilikuwa nimeshaipima wiki moja kabla sijakuandikia.

Dk. Antipasi alisema nisiseme chochote kijijini mpaka matokeo yarudiwe, maana watu wangemwaga maziwa, wangeuza ng'ombe, na utafiti ungekufa. Lakini siwezi kumsukumia yeye. Wewe ulikuwa umeniandikia kwamba Lea anakunywa maziwa ya namba kumi na saba yakiwa na povu. Niliisoma. Nikachagua kukuandikia sehemu inayopendeza, kwa sababu nilitaka unisifu, na sehemu ya kutisha nikaifanya mstari mmoja wa kuchemsha maziwa. Tena nikakuambia ni vizuri tu.

Utaniuliza kama vidonge ndivyo vilivyomuua. Sijui. Wapo watoto ambao figo zao zinashindwa kufanya kazi bila wao kumeza dawa yoyote, na huenda Lea angekuwa mmoja wao. Hatari inaongezeka, ndivyo sayansi inavyosema, na haisemi zaidi ya hapo. Ningekuwa na jibu moja ningekupa, hata kama ni lile baya.

Matangani ningeweza kusema. Nilikuona umeishikilia habari ya kile kidonge kama kitu cha mwisho ulicho nacho na nikaona nikuachie. Isingekuwa Michael, nadhani ningekuachia maisha yote.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Witness


Kinyangiri
4 Mei 2025

Witness,

Michael yu hai. Singida walimpeleka Dodoma, wanamsafisha damu kwa mashine. Juzi amekojoa kidogo na Simeoni amenipigia simu kunitangazia mkojo kama mtu aliyepata mtoto. Madaktari wamemwambia figo hazitarudi kama zamani. Nimemweleza Simeoni yote, mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwake mpaka mtoto akameza. Anaongea nami habari za Michael tu.

Namba kumi na saba nimemfungia pembeni, na Laurenti nimemweleza sababu. Mama sasa anachemsha maziwa mpaka yanaungua. Nimepita nyumba zote zinazochukua kwetu.

Barua yako niliiweka kwenye koti nikasema Eliza hataijua. Yeye kila jioni alikuwa ananiambia, tungemwahi, tungeanza dawa Jumanne, angekuwepo. Nami nikawa namjibu ndiyo, tungemwahi. Niliona heri alie kwa hilo kuliko kwa lingine. Kisha nikamkuta kisimani anawaambia wanawake kwamba mtoto akiharisha damu wakimbilie sipro, wasichelewe kama yeye. Hapo nikajua siwezi. Nilimwita ndani nikamsomea yote, na yale ya kwako mwenyewe pia.

Alinisikiliza akiwa anachambua choroko. Aliniomba nirudie pale kwenye sumu inayomwagika. Nikarudia. Akaendelea kuchambua. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, na nimefikiria sana kama nikuandikie au nikuachie. Wewe uliona uniachie. Sitaki tufanyiane hivyo tena.

Ile Alhamisi mimi nilipokuwa stendi na kiboksi chako, Lea alikikataa kabisa kile kidonge. Alikitema. Eliza akakisaga kwenye kijiko akampa tena, akatema tena, akasema kinamuunguza tumbo. Eliza alijaribu kumbana pua, akashindwa, mtoto alikuwa bado na nguvu. Ndipo akamwambia dawa hii ameileta shangazi Witness.

Lea akauliza, "Shangazi mwenyewe?" Eliza akamwambia ndiyo. Akafungua mdomo, na tangu hapo vyote alimeza bila kushikwa.

Hosea